Faluda ya Alhamisi

Mwajabu binti Salumu alikuwa mtu wa kuona kwanza, kuamini baadaye. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Tabia hiyo ilimchosha mumewe Jamali, ikamuudhi mama mkwe wake, lakini kazini ilimfaa, maana alikuwa msaidizi wa maabara katika zahanati moja ya Mtoni, Temeke. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja, ambapo sabuni ilikuwa haipatikani mjini hata kwa dawa.

Mwaka huohuo homa ya matumbo iliingia mtaani kwao na kukaa kitako. Tangu baada ya Idi walikuwa wameugua watoto tisa. Wawili walikwisha kuzikwa, na wa pili alikuwa Zuwena, binti wa pekee wa jirani yao Mwanaasha. Ijumaa ile, watu walipotoka kumzika Zuwena, mjumbe wa nyumba kumi alisimama barazani akatoa hukumu. Aliitwa Polikarpo, mchonga vinyago kutoka Newala, mtu mwema lakini mwenye haraka, na kwa haraka yake alishamjua mchawi. Mchawi ni kisima cha Mzee Mwinjuma. Jumamosi ya wiki ijayo vijana waje na majembe wakifukie.

Mwajabu alimfuata mpaka chini ya banda lake la kuchongea.

"Ndugu mjumbe, umekipima?"

"Kupima nini, dada? Watoto wanakufa."

"Mabomba hayajatoa tone tangu mwezi wa tatu. Ukifukia kisima, watu watateremka bondeni wakachote maji machafu ya mferejini. Na kama homa haitoki kisimani, utakuwa umefukia maji na homa umeiacha inatembea."

Polikarpo aliweka patasi chini. "Basi inatoka wapi?"

"Sijui. Nipe mpaka Jumamosi nijue."

"Jumamosi hiyohiyo. Nikizika mtoto wa tatu hapa, mie ujumbe wenyewe narudisha."

Mwajabu alirudi nyumbani, akachukua daftari, akaandika vitu vyote ambavyo wale watoto tisa walishiriki. Kisima. Chuo cha Kurani cha Mwalimu Hija, ambako wote walisoma. Maembe ya kuokota. Na faluda ya Alhamisi. Hii ilikuwa sadaka ya mama mkwe wake, Bi Tunu. Kila Alhamisi baada ya alasiri watoto wa chuo walipanga mstari uani kwake, naye akawagawia kipande kimoja kimoja, kitamu, kinachotetemeka, chenye harufu ya iliki. Mwajabu alilitazama neno hilo, akalikata kwa kalamu. Faluda inachemshwa kwa saa nzima; hakuna kijidudu cha homa kinachovumilia hayo. Alilikata yeye mwenyewe, kwa mkono wake, bila kulipima. Tulikumbuke hilo.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, aliingia maabara kwa bwana mkubwa wake, Theonest, Mhaya mrefu, mpole, aliyependa kufuta hadubini yake hata isipokuwa na vumbi.

"Nataka kuotesha maji ya kisima," Mwajabu alimwambia.

"Utaoteshea nini, Bi Mwajabu?" Theonest alifungua kabati. "Peptoni ya kuwalisha vijidudu ninayo. Chumvi ya nyongo ninayo. Sukari ya maziwa ipo, rangi nyekundu ipo. Agari hakuna. Miezi saba sasa tunaambiwa hakuna fedha za kigeni, hakuna fedha za kigeni."

Hapo nifafanue, maana si kila mtu ameshinda maabara. Kijidudu kimoja hakionekani kwa macho. Ili umwone, umpe chakula, umpe joto, umwache azae. Akizaa mahali pamoja mpaka wawe mamilioni, wanafanya kidoa ambacho hata mzee asiye na miwani anakiona. Lakini ukimpa chakula cha majimaji wote wanachanganyika, hujui nani ni nani. Chakula lazima kigande kwenye sahani ili kila mmoja akae na ukoo wake. Kinachogandisha ni agari. Kwa homa ya matumbo chakula kinatiwa sukari ya maziwa na ile rangi: vijidudu vya kawaida vya tumboni huila sukari hiyo na kidoa chao kinageuka chekundu, bali kile cha homa ya matumbo hakiigusi, kidoa chake kinabaki cheupe cheupe, kama ute. Basi. Kumbe siri yote iko kwenye kugandisha.

Mwajabu alisimama na mkono kwenye mlango wa kabati. "Hiyo agari inatengenezwa na nini hasa?"

"Na majani ya baharini. Kule kwao Japani."

"Mwani?"

"Huenda."

"Bwana Theonest, mama mkwe wangu anao nusu gunia uvunguni."

Na ni kweli alikuwa nao. Zamani Bi Tunu alipika faluda kwa nyuzi za kugandishia alizonunua kwa Wahindi. Nyuzi zilipoadimika hakulia. Alikuwa mzaliwa wa Mjimwema, na kila bamvua alivuka kwa pantoni, akateremka maji yakishakupwa, akarudi na mwani mwekundu ule mwembamba kama uzi, akaukausha juu ya bati mpaka uwe mweupe. Serikali ilikosa agari, Bi Tunu hakukosa.

Jumapili Mwajabu alichota mwani kimyakimya akaupika peke yake, maana alikuwa na kiburi chake kidogo. Ulitoka uji. Akauacha upoe, ukabaki uji. Bi Tunu alikuja akaegemea mlango wa jiko akatazama ndani ya sufuria kwa muda.

"Hii unamlisha nani, mgonjwa?"

"Haigandi, mama."

"Itagandaje na hukuulaza kwenye magadi? Miaka kumi na miwili uko ndani ya nyumba hii, unakula faluda yangu, hujauliza hata siku moja. Msomi." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Sogea huko."

Walilaza mwani kwenye maji ya magadi usiku kucha. Jumatatu wakausuuza mara saba, wakautia siki kidogo, wakauchemsha, wakauchuja kwa kanga kuukuu, na safari hii ulipopoa uliganda ukasimama. Bi Tunu aliubonyeza katikati kwa ncha ya kidole cha shahada. Faluda ikarudi juu.

"Kidole hakidanganyi," alisema. "Imeshika. Sasa lete sukari na iliki."

"Hii haitiwi sukari, mama. Inatiwa nyongo."

Bi Tunu alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nyongo, kwenye faluda yangu? Basi kesho nakuja huko kwenu nione kwa macho yangu."

Akaja kweli. Jumanne asubuhi alifika maabara na baibui lake, akaketi kwenye stuli karibu na meza, akapokea shikamoo ya Theonest kama malkia. Mwajabu alichanganya agari na vile vitu vingine, akavipika kwenye sufuria ya mvuke, kisha akamimina kwenye sahani kumi na mbili za kioo, akifunua kifuniko kidogo tu, moto wa spiriti ukiwaka pembeni ili hewa isiteremshe uchafu. Mara akaitwa dirishani kupokea makohozi ya mgonjwa. Aliporudi, sahani zilikuwa zimeganda, nyekundu na safi, na Bi Tunu alikuwa anatabasamu.

"Zimeshika," alisema Bi Tunu. "Nyongo na yote."

"Umejuaje?"

"Nyie mnapima na mashine, sie tunajua tu."

Mchana ule Mwajabu alikwenda kisimani na chupa zilizochemshwa. Alichukua maji ya kisima, ya juu, na ya chini, na ya ndoo. Alichukua maji ya mtungi wa chuoni kwa Mwalimu Hija. Aliporudi aliuchoma waya wenye kitanzi mpaka ukawa mwekundu, akauacha upoe, akachovya, akachora juu ya sahani mistari ya kwenda na kurudi. Alijaza sahani kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuigusa. Hiyo ndiyo shahidi: inaingia kwenye kabati la joto pamoja na wenzake bila kutiwa kitu, na ikitoka tupu, ujue chakula chako kilikuwa safi na hujajidanganya.

Jumatano asubuhi Theonest alifungua kabati. Sahani za kisimani zilikuwa na vidoa vichache vyekundu. Kisima hakikuwa mtakatifu, lakini cheupe hata kimoja hakikuwamo. Mtungi wa chuoni, vilevile. Kama si maji, ni nini?

Kisha Theonest akainua ya kumi na mbili, akakunja uso.

"Shahidi wetu kaharibika. Kazi yote bure hii, Bi Mwajabu. Itupe."

Mwajabu aliipokea, akafunua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Sahani ilikuwa tupu, isipokuwa katikati. Pale katikati palikuwa na duara ndogo, na ndani yake vidoa vimejipanga kwa mistari iliyopinda, mstari ndani ya mstari. Ilikuwa alama ya ncha ya kidole. Vidoa vingine vilikuwa vyekundu. Vingi vilikuwa vyeupe.

Hakuitupa. Alikaa chini.

"Mama alibonyeza," alisema taratibu. "Aliangalia kama imeshika."

Theonest alifuta hadubini yake mara tatu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba weupe peke yake si ushahidi, viko vijidudu vingine visivyokula sukari hiyo. Inabidi kuchukua kidoa kimoja, kukiotesha upya peke yake, na kukijaribu kwa dawa ya kutambulisha. Na inabidi kupata sampuli ya mtu mwenyewe.

"Najua," alisema Mwajabu. "Nipe kikopo."

Alimpenda yule mama, na siku ile alitamani asingempenda. Alipoolewa alikuwa yatima. Bi Tunu ndiye aliyemfunda, aliyemuuguza mimba mbili zilipoharibika, aliyemwambia ndugu wa Jamali waliotaka aoe mke mwingine kwamba atakayeleta habari hiyo tena atapita juu ya maiti yake. Sasa aende akamwombe nini? Akaenda, maana kesho yake ilikuwa Alhamisi ya faluda.

Alimkuta uani anachambua mwani.

"Mama, jana ulibonyeza sahani yangu?"

"Moja tu. Nilikufunikia vizuri." Bi Tunu aliinua kichwa. "Nimeharibu?"

"Hapana. Mama, uliwahi kuugua homa ya matumbo?"

"Mwaka wa njaa, kabla ya Uhuru, kule Mjimwema. Walishanisomea Yasini. Tangu hapo sijaumwa hata kichwa, Mungu ashukuriwe. Kwani vipi?"

"Nataka choo chako kwenye kikopo hiki."

Bi Tunu aligoma, akasema duniani kuna mambo, mkwe kuomba kinyesi. Lakini kikopo alikirudisha kabla ya magharibi, kimefungwa kwenye karatasi tatu, na hakuuliza tena.

Alhamisi asubuhi Mwajabu alikuwa maabara kabla ya mlinzi kufungua geti. Sahani ya kikopo, iliyoingia kabatini jana magharibi, ilibidi ingojwe mpaka mchana; ikatoka na vidoa vyekundu, na vyeupe tele kati yake. Theonest alichota kidoa kutoka kwenye ile ya kidole aliyoiotesha upya, akakikoroga kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kisha akadondosha tone la ile dawa. Dawa hiyo inamjua kijidudu mmoja tu. Ikimkuta, inamkamata na wenzake wanashikana mabonge. Asipokuwa yeye, tone linabaki vilevile. Waliinama wote wawili. Tone likakatika mabonge, kama maziwa yaliyoganda kwenye chai. Walijaribu na kidoa cha kikopo, likakatika tena.

"Anabeba tu," alisema Theonest. "Yeye mwenyewe haumwi. Kimejificha kwenye nyongo yake miaka yote hii. Iko dawa ya muda mrefu hospitali kubwa, lakini si kila mara inakitoa. Lililo muhimu, asiwashikie watu chakula."

"Lakini faluda inachemka, Bwana Theonest. Niliikata kwenye daftari kwa sababu inachemka."

"Ikishapoa, anaikata na nini?"

Mwajabu alifumba macho akamwona Bi Tunu uani: anaibonyeza katikati, anaikata kwa uzi, anainua kila kipande kwa vidole vitatu na kukiweka kwenye kiganja cha mtoto, maana sadaka, alikuwa akisema, hutoka mkono kwa mkono. Na mikono hiyo ilinawa maji matupu kama mikono ya mtaa mzima, tangu sabuni ilipopotea. Yeye wa kuona kwanza alikuwa ameitazama mikono ile kila Alhamisi asiione.

Aliondoka mbiombio na sahani ya kidole ndani ya mkoba. Alipofika, adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha na watoto walishapanga mstari. Sinia lilikuwa mezani, na Bi Tunu alikuwa na uzi mkononi.

"Mama, weka uzi chini."

"Watoto wanangoja."

"Naomba, mama. Njoo ndani kidogo."

Ndani, Mwajabu alimweleza yote, pale pale walipokuwa wamesimama, bila kuzunguka. Alilia huku anaeleza, na hakuficha. Bi Tunu aliichukua sahani akaisogeza machoni. Aliutazama mviringo ule, kisha akakitazama kidole chake, kisha mviringo.

"Hiki changu."

"Ndiyo, mama."

"Zuwena wa Mwanaasha nilimwongezea kipande. Alikuwa anapenda cha pembeni." Alikaa kitandani. "Unaniambia ndiye mie."

"Si wewe. Ni mpangaji aliyeingia kwako bila hodi, na wewe hukujua. Mimi ndiye niliyesomea nikaikata faluda kwenye orodha."

Bi Tunu alimsomea Zuwena Fatiha. Kisha akauliza, "Ikirudishwa jikoni ikichemka upya, kinakufa?"

"Kinakufa."

"Basi irudishe. Nilishawaita, siwezi kuwafukuza."

Mwajabu aliiyeyusha, akaichemsha, akaigandisha tena juu ya beseni la maji baridi. Alitoa kipande cha sabuni cha mwisho alichokificha kwa ajili ya maabara, akanawa mpaka viwiko, akawanawisha watoto wote, akagawa kwa kisu. Bi Tunu aliketi kwenye mkeka, mikono yote miwili ndani ya kanga. Mtoto wa kwanza alikuja kama walivyofunzwa chuoni, akasema shikamoo bibi, akanyoosha mkono autake wa bibi aubusu. Bi Tunu hakuutoa. Aliinamisha kichwa.

"Leo nibusu hapa," alisema, akimwonyesha paji la uso. Watoto ishirini na watatu walimbusu paji la uso, na wengine waliona ni mchezo wakacheka.

Jumamosi Polikarpo alikuja kisimani na vijana na majembe. Mtaa wote ulikuwapo. Mwajabu alikuwa amejipanga kusema maneno machache: kisima kimepimwa, homa haitoki humo, chemsheni tu maji yenu. Jina la mtu hakukusudia kulitaja, na Theonest alimwambia afanye hivyohivyo. Alipomaliza, Polikarpo alikuna kidevu.

"Dada, nimekusikia. Lakini ulisema utajua inakotoka. Watu hawa niwaambie nini, inatoka hewani?"

Hapo Bi Tunu akasimama. Mwajabu alimshika kanga, Bi Tunu akaichomoa mkononi mwake.

"Kisima kiacheni," alisema. "Homa ninayo mie. Hainiumi, lakini iko mikononi mwangu, imepimwa, nimeiona. Wanenu waliugua kwa faluda yangu. Sikujua. Wallahi sikujua. Anayetaka kunisema aniseme, nipo hapa."

Polikarpo alivua kofia. Macho ya watu yalikwenda kwa Mwanaasha, mama yake Zuwena, aliyekuwa amesimama karibu na kamba ya ndoo. Mwanaasha alimtazama Bi Tunu muda mrefu, akageuka, akaenda zake nyumbani bila kuchota maji. Wiki tatu nzima hakupita mbele ya mlango wao. Bi Tunu alikula kidogo, akasali sana, akaenda hospitali kubwa akaanza vidonge, na kila mwadhini alipoadhini alasiri alitazama mlangoni. Wagonjwa wapya hawakutokea.

Alhamisi ya nne Mwajabu alikuwa zamu. Bi Tunu alikaa uani na mwani mkavu mbele yake, asiuguse. Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Mwanaasha, peke yake, mikono imelowa mpaka viwiko, inanuka sabuni. Aliipata wapi, Mungu anajua.

Hakuketi. Alitazama mwani, akatazama ile mikono iliyofichwa ndani ya kanga.

"Mtoto sina tena, Bi Tunu," alisema. "Lakini mikono ninayo. Nielekeze."

Bi Tunu alisogea akampisha mbele ya mwani.

"Anza na magadi," alisema.